Mahari Iko Nyuma ya Nyumba

Mwaka ule wa tisini na tatu, mtu mwenye akili zake hakumpelekea Saidati nguo ya kushona Jumamosi alasiri. Si kwamba alifunga. Cherehani ilikuwa pale pale kibarazani, Biryogo mjini Kigali, kichochoro cha nyuma ya msikiti, mguu wake uko kwenye pedeli na kitambaa kiko chini ya sindano. Akili ndiyo haikuwepo. Ungemwambia akupunguzie kiuno, angeitikia "naam, naam", na Jumatatu ungekuta amekupunguzia mikono. Majirani walishazoea. Walisema mwacheni, leo siku ya Ndayisaba.

Huyo Ndayisaba, Ismaili Ndayisaba, alikuwa mpiga chapa mjini, mrefu, mpole, mwenye wino chini ya kucha hata siku ya Idi. Mwislamu mzuri tu, lakini wa milimani kaskazini, wa huko Byumba, ambako babu yake alisilimu zamani akiwa mchinjaji. Kiswahili alikipatia hapa hapa Biryogo, ukubwani, na ulimi wake ukakataa katakata kutenganisha ra na la. Akitaka kulala alisema anarara. Akitaka kurudi alisema analudi. Watu walimcheka mpaka wakachoka, naye akacheka pamoja nao, na kesho yake akaja kuwaambia tena kwamba jana arirara vizuri.

Kila Jumamosi alitokea na kitabu kwapani, akavuta kigoda cha wateja, na mazungumzo yakaanza pale yalipokatikia. Umesoma nini? Umetazama nini? Saidati alipata vitabu kwa madereva wa malori ya Tanzania, riwaya za upelelezi zilizopita mikononi mwa nusu ya Afrika kabla ya kufika Kigali. Moja ilifika haina kurasa za mwisho. Waliisoma kwa zamu, halafu wakagombana mwezi mzima juu ya nani muuaji. Saidati alishikilia kwamba ni daktari. Ndayisaba alisema ni mke wa daktari, akasimama katikati ya kibaraza akaigiza yule mwanamke anavyokoroga sumu kwenye chai, kidole cha mwisho juu, macho upande, mpaka mzee mmoja aliyefuata suruali yake akaketi sakafuni kungoja mwisho.

Sinema walitazama kwenye kibanda cha video kule Nyamirambo, wanaume mbele, wanawake nyuma na mashuka yao ya kujifunika kichwa. Pale mtafsiri alisimama kando ya televisheni na kueleza kwa Kiswahili mambo ambayo, Mungu ndiye ajuaye, hayakuwemo kabisa kwenye filamu. Mhindi anaimba mvuani, machozi yanamtoka, mtafsiri anasema jamaa anadaiwa kodi ya nyumba. Basi Jumamosi kazi ikawa kupanga upya filamu nzima: Saidati anasema hiki, Ndayisaba anasema kile, kila mtu na filamu yake.

Lakini roho ya Ndayisaba ilikuwa kwenye michezo ya kuigiza. Alikuwa na kikundi chake, watu wa kila mtaa na kila dini, na walichekesha kweli kweli. Taabu yao ilikuwa moja: hawakuwa na pa kuchezea. Ukumbi waliouzoea ulijaa watu waliokimbia vita kaskazini, waliofika na magodoro kichwani, na hakuna mwenye haya angewaambia wapishe waigizaji. Kikundi kikahamia Gisimenti, uani mwa baa moja. Huko kulikuwa na mlevi aliyewajibu waigizaji kutoka mezani kwake, na ubaya wake ni kwamba majibu ya mlevi yalichekesha kuliko mchezo.

Yote hayo waliyasema. Ila ilipofika zamu ya kuulizana habari za nyumbani, nani kamtembelea nani, nani kaoa, nani kajifungua, mazungumzo yalikuwa ya upande mmoja. Saidati alikuwa na shehena nzima: Shangazi Mwamini wa Rwamagana alivyokuja kusalimia siku mbili akakaa wiki tatu, Baba Mkubwa Rutayisire alivyogombana na kinyozi. Ndayisaba alicheka mpaka akajipangusa macho. Kisha Saidati akauliza, "Na wa kwenu?" Naye akajibu, "Wazima," akafungua kitabu.

Neno hilo moja lilimla Saidati maini. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na nisizunguke, alimpenda yule mtu. Alimpenda mpaka akishona vifungo anajikuta ameshona kifungo juu ya kifungo. Mwaka mzima na zaidi Ndayisaba amekaa kwenye kigoda kile, hajatamka lolote la maana, na hajataja hata jina la mama yake. Sasa mwanamume asiyekutajia mama yake ana mpango wa kukukutanisha naye lini? Saidati alijijibu mwenyewe: hana mpango. Amekuja kusoma vitabu vyangu na kunywa chai yangu. Akaapa Jumamosi ijayo hatamtilia sukari, na Jumamosi ikafika akamtilia.

Mwezi wa nane ikaja habari ya Arusha, kwamba wakubwa wametia saini, vita vimekwisha. Weee, mtaa ulipumua! Watu walianza kutembeleana tena kama waliofunguliwa kamba. Waliokuwa wameahirisha arusi wakazikumbuka, na Saidati akashona magauni ya maharusi ya wenzake mpaka vidole vikaota sugu, akiwatakia heri kwa mdomo na kuwaonea wivu kwa moyo wote.

Ndipo Jumatatu moja, baada ya sala ya magharibi, baba yake akarudi nyumbani anatembea kwa haraka isiyokuwa ya umri wake. Mzee Yahaya alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtoto wa mfanyabiashara wa ngozi aliyetoka Tabora na kuoa hapa, mtu wa maneno machache. Vita vilimfungia biashara, akabaki na ghala tupu nyuma ya nyumba na tasbihi mkononi. Jioni ile aliketi, akavua kofia, akaivaa tena.

"Saidati. Yule kijana wa vitabu amenisimamisha nje ya msikiti."

"Ndayisaba?"

"Huyo huyo. Ameniomba aje Jumapili na wakubwa wake. Amesema wanataka kuzungumza mahari."

Saidati alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini polepole.

"Kasema hivyo? Mahari?"

"Kwani mimi kiziwi? Mahari. Nikamwambia karibuni sana." Mzee alitazama tasbihi yake. "Mahari ni haki yako, mwanangu. Fikiria unataka nini, mtu asije akakusemea."

"Kabati la vitabu," alisema Saidati, kabla hata hajafikiri, na baba yake akacheka, kitu alichokuwa hajakifanya tangu ghala lifungwe.

Basi nyumba ikapinduliwa juu chini. Shangazi Mwamini alifika kutoka Rwamagana na kuku wawili na amri ishirini. Baba Mkubwa Rutayisire alifika kutoka Nyanza na fimbo yake, maana yeye ndiye mkubwa wa ukoo na yeye ndiye angesema. Mbuzi akafungwa uani. Mchele wa pilau ukachaguliwa punje kwa punje. Kuhusu kabati la vitabu, Shangazi alipoambiwa alishika kichwa. "Kabati? Vitabu? Utapika vitabu? Utavaa vitabu?" Saidati alicheka tu. Wiki ile alicheka kila alichoambiwa.

Jumamosi Ndayisaba alikuja kama kawaida, kitabu kwapani. Saidati alikuwa amejifunga kitenge kipya na amekaa kwa adabu mpya pia, macho chini, kama inavyompasa mchumba. Ndayisaba hakuona kitenge wala macho. Alikuwa na furaha ya mtoto.

"Yaani mzee wako ni mtu wa ajabu," alisema. "Nirifikiri atakataa. Nirimwambia tu mara moja, akasema karibuni sana!"

"Na mimi nilishangaa," alisema Saidati kwa sauti ndogo.

"Kesho tukiipata ile mahari, mambo yamekwisha. Tena iko kubwa, mimi nimeiona. Jukwaa tunariweka upande wa ukuta wa msikiti, watu wanakaa huku."

Mguu wa Saidati ulisimama kwenye pedeli.

"Jukwaa?"

"Eh, jukwaa! Sasa mahari bira jukwaa tutafanyia nini?"

Mtu wa pwani angesema mahali pakubwa, mahali penyewe, na mambo yangeishia hapo hapo nje ya msikiti. Lakini Kigali kila kitu ni iko: mtu iko, nyumba iko, mahari iko kubwa, mahali iko kubwa. Saidati alimtazama mdomoni yule mtu, akaisikia ile ra mahali pa la, akaelewa. Walitaka ghala. Ghala la ngozi la baba yake, wachezee michezo yao.

Alihisi kama amevuliwa nguo sokoni. Mbuzi alilia uani. Ndani Shangazi alikuwa akimfokea mtu juu ya iliki. Neno moja tu lilihitajika, hapo hapo: Ndayisaba, sema la, sema ma-ha-li. Wangecheka, wangeona haya, mbuzi angefunguliwa, na Baba Mkubwa angerudi Nyanza akinung'unika. Saidati alifungua mdomo.

"Upande wa ukuta wa msikiti kuna unyevu," alisema. "Wekeni upande wa pili."

Akaendelea kushona. Alijiambia atamweleza baba baada ya chai. Chai ikanywewa, baba akamwonyesha kanzu aliyoitoa sandukuni, akamuuliza kama kola yake bado nzuri, na Saidati akasema nzuri sana. Akajiambia atamweleza baada ya sala. Baada ya sala akaenda kuosha mchele, na hakumweleza mtu.

Jumapili baada ya adhuhuri wageni walibisha hodi. Ndayisaba alivaa shati jeupe. Nyuma yake vijana wawili wa kikundi walibeba kreti ya Fanta, maana Mnyarwanda haendi kwa watu mikono mitupu, hata akienda kuomba chumvi. Na mbele yao alitangulia Mzee Twagirayezu, Mkristo wa Kicukiro, dereva mstaafu, ambaye kwenye michezo ndiye huigiza wazee wote. Kwa heshima ya siku ile alivaa koti lake jeusi la jukwaani na kofia ya jukwaani, na fimbo. Akafanana kabisa na mzee aliyekuja kuomba mke. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kimeokotwa huku na huku baina ya Bukavu na Mombasa, na ra zake zilikuwa ndugu wa ra za Ndayisaba.

"Umeona vinywaji?" Shangazi Mwamini alinong'ona. Yeye na Saidati walikuwa jikoni, nyuma ya pazia la dirisha linalotazama sebuleni. "Watu wenye adabu hawa. Na mshenga wao, tazama koti!"

Sasa ujue desturi ya huku ya kuomba mke, gusaba wanavyoiita wenyewe. Jambo halisemwi wazi hata kidogo. Msemaji wa mume anazungukazunguka, anatania, anatupa mafumbo. Msemaji wa mke anajifanya haelewi, hana binti, hajui wageni wamefuata nini. Ni mchezo wa kuigiza kamili, na wazee wanaoujua vizuri huitwa kutoka mbali. Baba Mkubwa Rutayisire aliujua. Alikaa kwenye kiti kikubwa, fimbo baina ya magoti, anatabasamu, tayari kwa mafumbo yote ya dunia. Kando yake Mzee Yahaya alikaa na tasbihi.

Twagirayezu alikohoa. "Wazee, sisi hatuna maneno mengi. Kijana arisema hapa kwenu iko mahari. Tumekuja tuizungumze."

"Mahari haina neno," alisema Rutayisire. "Lakini kwani mmeona nini hapa kwetu? Sisi hatuna kitu."

"Mnacho, mzee. Ire ya nyuma ya nyumba."

Rutayisire aligonga sakafu kwa fimbo, akicheka. Binti yuko jikoni nyuma ya nyumba na mgeni ameshajua! "Haya. Mmeiona?"

"Tumeiona toka barabarani. Kwa macho iko kuukuu kidogo, rakini imara."

Jikoni Shangazi Mwamini aliruka. "Kuukuu! Nani kuukuu? Amemwona nani kuukuu?" Saidati alimshika mkono. Sebuleni Rutayisire alikuwa amekufa kwa kicheko. "Kuukuu lakini imara! Yahaya, umesikia? Huyu mzee kazi yake anaijua!"

Ndayisaba alitazama huku na huku. Alishangaa wazee wengi hivi kwa ajili ya ghala, na harufu ya pilau, na kanzu iliyopigwa pasi. Saidati, nyuma ya pazia, alimwona anavyofikiri: hawa Waswahili wakarimu kupita kiasi.

"Tena tumesikia," aliendelea Twagirayezu, akifurahi kuona maneno yake yanapendwa, "imekaa bure muda mrefu. Hakuna anayeitumia. Sasa si hasara hiyo? Kitu kizuri kinariwa na panya."

Kicheko cha Rutayisire kilipungua kidogo. "Panya hapana," alisema. "Hilo la panya umezidisha."

"Sisi tutaitunza. Tutaipaka chokaa. Tutaitia taa nzuri mbere. Tunaomba tuijaribu miezi mitatu kwanza. Ikitufaa tunaenderea. Isipotufaa, tunairudisha kama tulivyoikuta."

Rutayisire alimgeukia ndugu yake, kisha akamgeukia mgeni. "Mjaribu?"

"Miezi mitatu tu. Na ninyi mtafaidi, mzee! Watu wa mtaa mzima watakuja kuiangaria. Wataripa kiingirio, nasi tutagawana nusu kwa nusu."

Lo! Rutayisire aliinuka na fimbo yake. "Kiingilio! Ya Rabi! Kiingilio! Mtu anakuja nyumbani kwangu, anakunywa maji yangu, ananiambia mtoto wa ndugu yangu..." Akashindwa kumaliza. Kreti ya Fanta ikapigwa teke. Vijana wawili wakawa wameshafika mlangoni. Shangazi Mwamini alikuwa anatafuta mchi. Na Ndayisaba alisimama katikati, uso umemjaa maswali, akisema, "Mzee, mzee, kwani kosa riko wapi?"

Binti haingii sebuleni siku anapozungumzwa. Saidati aliingia, na mwiko wa pilau mkononi.

"Baba, wamekuja kuomba mahali," alisema. "Mahali. La. Wanataka ghala la ngozi wachezee michezo yao ya kuigiza. Hawakuja kwa ajili yangu."

Maneno ya mwisho yalimtoka kwa shida, na baada ya kuyasema hakujua aangalie wapi, akauangalia mwiko.

Unaweza kufikiri watu wangecheka. Hakuna aliyecheka. Twagirayezu alivua kofia. Ndayisaba aligeuka polepole, akaona kanzu, akaona wazee, akasikia harufu ya pilau upya, akaona kitenge cha Saidati, na ukamwona kabisa anaelewa kimoja baada ya kingine. Uso wake ulibadilika rangi.

Rutayisire alikuwa bado amesimama, na hasira ilimbaki mkononi haina pa kwenda. Akaitupa mahali pabaya kuliko pote. "Kwa hiyo," alisema, "ghala mmeliona. Na binti yetu je? Yeye humtaki?"

Saidati aliomba ardhi ipasuke. Ndilo swali alilokuwa hajathubutu kuliuliza mwaka mzima, na sasa limeulizwa mbele ya ukoo, mbuzi ameshaiva.

Ndayisaba, aliyesema mbele ya mamia ya watu bila kutetemeka, aliyemjibu hata yule mlevi wa Gisimenti, alikosa neno. Ni Twagirayezu aliyesema, tena kwa ukali kidogo. "Hamtaki? Wazee, huyu ametumaliza masikio! Saidati kasoma hiki, Saidati kasema vire. Mazoezi hayaanzi mpaka tusikie Saidati amesema nini juu ya sinema!"

"Nyamaza, mzee," alisema Ndayisaba. Kisha akamgeukia Mzee Yahaya, akaacha Kiswahili, akasema kwa Kinyarwanda, ambamo ulimi wake haukujikwaa. Alisema anamtaka. Alisema amemtaka tangu kitabu cha kwanza. Lakini mtu huenda kuomba mke akitanguliwa na baba yake, na yeye alimwacha baba yake Byumba. Vita vilipofika huko watu walitawanyika, na tangu hapo hajapata barua wala salamu. Watu wakimuuliza husema wazima, kwa sababu akisema hajui, neno hilo litageuka kweli. "Sikuweza kuja kwako na watu wa kuazima," alisema. "Kwa ghala, naam. Kwa Saidati, hapana."

Saidati alikuwa amesimama na mwiko wake, na machozi yalimtoka tu, hakuyafuta. Wazima! Neno lile alilolichukia, mwaka mzima alilihesabu kuwa ni dharau, kumbe mtu alikuwa akiomba dua kibarazani kwake.

Mzee Yahaya alihesabu tasbihi yake mpaka mwisho. Hakuna aliyemharakisha, hata Rutayisire.

"Ghala chukueni," alisema hatimaye. "Na hiyo chokaa muipake kweli. Hili jingine siwezi kulijibu leo, kwa sababu halijaombwa na mwenye kuomba. Lakini barabara ya Byumba imefunguliwa, nasikia mabasi yanakwenda, na watu wanarudi milimani kwao. Nenda kamtafute baba yako. Nitamsikiliza." Akainuka. "Sasa tule. Mbuzi hana kosa lolote."

Hapo ndipo watu walipocheka, kwanza Shangazi Mwamini kutoka jikoni, kisha wote. Rutayisire aliokota chupa za Fanta moja moja, akampa Twagirayezu ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. "Kiingilio," alisema, akitikisa kichwa. "Wallahi, kiingilio."

Baada ya chakula Saidati alitumwa na funguo akawaonyeshe wageni ghala. Mlango ulikuwa mzito, Ndayisaba akausukuma kwa bega. Ndani mlinukia ngozi za zamani na vumbi, na mwanga uliingia kwenye matundu ya bati. Twagirayezu na vijana walikwenda moja kwa moja mwisho wa ukuta, wakaanza kubishana juu ya jukwaa. Wawili hao wakabaki mlangoni.

"Jana nirikwambia habari ya jukwaa," alisema Ndayisaba. "Urijua."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia? Ungenikinga na aibu yote hii."

Saidati alikuwa amejiuliza swali hilo usiku kucha, na hakuwa na jibu mpaka alipomwona anasema sebuleni. "Ningekwambia jana, leo ungekuja?"

Ndayisaba alifikiri, maana hakuwa mtu wa uongo. "Nisingekuja. Wala Jumamosi nyingine nisingekuja. Ningehama mtaa."

"Basi ndiyo hivyo."

Mwisho wa ghala Twagirayezu alikuwa amepanda juu ya sanduku bovu, anajaribu sauti yake, na mwangwi unamjibu vizuri. Ndayisaba alimtazama, lakini mawazo yake yalikuwa yameshapanda basi. Aliposema tena alisema chini chini.

"Kesho asubuhi naondoka. Nitaanzia kwenye kilima chetu, halafu kambini kwa wariokimbia vita, nitauliza kira mtu." Akapangusa vumbi begani. "Saidati. Na nisipomkuta?"

Saidati alitaka kumwambia utamkuta, inshallah, kama watu wanavyoambiana. Lakini aliogopa kumdanganya mtu huyu siku ya kwanza aliyomwambia kweli.

"Ukimkuta, rudi naye," alisema. "Usipomkuta, rudi wewe."